Mkono Uliosingiziwa

Fundi redio wa mtaa wetu hupuliza kila kifaa kabla ya kukigusa, hata kama hakina vumbi, na huzungumza na mashine kwa upole kuliko anavyozungumza na watu. Jana mama mmoja, mwalimu mstaafu, alimletea amplifaya na deki ya kanda. Ukizungusha kidude cha sauti, spika zinakaa kimya. Ukiongeza upana wa unywele mmoja, zinalipuka kwa kelele hadi majirani wanatoka nje. Mafundi wengine wawili walikuwa wamemwambia mwalimu kuwa tatizo ni mkono wake unaotetemeka, na mkwewe akampiga marufuku kugusa redio yake mwenyewe.

“Mkono?” Fundi alivua miwani. “Wao walijaribu kwa mikono yao?”

“Hata hawakuiwasha, mwanangu.”

Akazungusha mwenyewe, kwa vidole vile vinavyoshika skrubu za saa bila kutikisika. Kimya, kisha mlipuko. “Haya, na mimi natetemeka?” alifoka. “Deki inatoa sauti kubwa mno, amplifaya inaipokea na kuikuza tena. Watu wazima hawalioni hilo, wanamsingizia mama wa watu!” Akakata waya unaotoka kwenye deki, akalehemu rezista ndogo za kupunguza nguvu hiyo, huku akisonya kila risasi ya kulehemia ilipoganda. Alipomaliza, mwalimu akamwomba amzungushie. Fundi akaficha mikono yote miwili mgongoni.

“Zungusha wewe, mwalimu.”

Mkono ukatetemeka kama kawaida yake. Kidude kikasogea hadi katikati, na sauti ikapanda taratibu, hata sisi tuliosimama mlangoni tukamsikia mwimbaji wa kanda akivuta pumzi.