Kiatu Kimoja Mguuni

"Shoga, huyo mpangaji wako kila asubuhi anamkimbia nani?" jirani alimuuliza mama mwenye nyumba siku moja. "Au kuna anayemkimbilia?"

"Mungu ndiye anayejua," mama alijibu, akacheka. Yeye alimjua binti huyo kwa mambo madogo. Mchana anauza katika duka la dawa, jioni anasomea shahada ya pili, asubuhi anakimbia akisikiliza masomo aliyojirekodia kwa sauti yake mwenyewe. Midomo humchezacheza kama mtu anayesali, na akisahau neno hujipiga paja. Juzi alfajiri, wiki ya mtihani, mama alimkuta ngazini amelala fofofo, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Huruma ikamshika, akamfunika shuka, akaondoka ananyata kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Jua ndilo lililomwamsha binti. Hakugomba. Aliikunja ile shuka polepole, pembe kwa pembe, macho mekundu, akamrudishia mama kwa mikono miwili.

"Asante, mama yangu. Lakini nisipokimbia asubuhi, jioni darasani nasinzia, na mtihani ni keshokutwa. Kesho ukinikuta hivi, usinifunike. Niamshe."