Mhudumu Asiyeinua Macho

Nyaboke hakuwa mtu wa kupokea kitu cha bure. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na yeye aliumwa mapema: alipofika Toronto, wakala mmoja mwenye tai nzuri na tabasamu pana alimwahidi kazi ya uuguzi ambayo haikuwepo duniani. Tangu hapo amewatunza wazee wa watu, amemlea binti yake peke yake kwenye ghorofa moja refu la Thorncliffe Park, na hamwamini mtu kabla ya kumchimba mpaka kwa babu yake. Kanisani walimwita CID. Jina hilo lilimuudhi kidogo na kumfurahisha kidogo.

Basi binti huyo, Kwamboka, ambaye sasa alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu na alipanga chumba karibu na huko, alimpigia simu Ijumaa moja na kusema, "Mum, leo nakutoa out. Tukule Mexican, mimi nalipa." Nyaboke hakusema asante.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Kwani lazima kuwe na kitu?"

Lazima, alijiambia, akivaa koti. Dalili ya mvua ni mawingu.

Mkahawa wenyewe ulikuwa kwenye Mtaa wa Bloor, na wanafunzi walikuwa wameujaza mpaka mlangoni. Tarumbeta zililia kwenye spika, vibendera vya karatasi vilining'inia darini, na kila meza ilipiga kelele ili isishindwe na meza ya jirani. Watu walikula kwa mikono, jambo ambalo Nyaboke hakuona ubaya wake. Chakula nacho alikitambua mara moja: mahindi, maharagwe, parachichi, pilipili. Vyakula vya kwao Kisii kabisa, ila hapa vilifungwa ndani ya chapati ndogo na kupewa majina marefu.

Kilichomkera ni mhudumu. Alikuwa kijana mweusi, mrefu, na kwenye meza nyingine zote alikuwa mcheshi wa kupindukia: aliwatania wasichana, aliimba na waliokuwa wakisherehekea kuzaliwa, alibeba sahani nne kwa mikono miwili. Alipofika kwao, ucheshi wote ukayeyuka. Alitazama sakafu. Sahani ya Nyaboke aliiweka mbali, upande wa Kwamboka, kisha akarudi nyuma kinyumenyume. Nyaboke aliponyoosha mkono kumrudishia menyu, kijana akaruka kama aliyeonyeshwa kaa la moto, akanong'ona kwa Kiingereza kwamba aiache tu mezani.

Nyaboke akavuta mkoba wake, akaupakata.

"Huyo kijana ana nini?"

"Nani? Yule? He's just shy, Mum. Kula, chakula kitapoa."

"Mwenye haya haimbi katikati ya watu. Na wewe mbona umemwangalia mara tatu?"

Kwamboka alikunywa maji. Mama akaanza kuunganisha mambo. Mpishi alimpungia Kwamboka mkono. Binti hakusoma menyu, aliijua kwa moyo. Mteja alipouliza choo kilipo, ni Kwamboka aliyejibu. Nyaboke alijua sasa: mtoto ameacha chuo, anafanya kazi hapa, na kijana huyu anajua siri ile na anaogopa kuitoboa. Miaka yote ile ya kuwageuza wazee vitandani, mgongo ukimuuma, ilikuwa kwa ajili ya shahada hiyo moja.

"Kwamboka. Umeacha shule?"

"What? No! Haki ya Mungu, Mama, sijaacha."

Alisema kweli, hilo Nyaboke aliliona machoni. Lakini aliona pia kwamba kuna kitu kingine nyuma ya ule ukweli. Akainuka, akasema anakwenda msalani. CID hakuwa na haja ya choo.

Njia ya kwenda huko ilipita kando ya jikoni, nayo ilikuwa nyembamba. Alipofika katikati, kijana akatokea mbele yake na sinia lililojaa vyakula vinavyofuka moshi. Nafasi ya kupishana ilikuwepo, ila ingebidi wagusane mabega. Kijana alisimama. Akageuza uso ukutani, akainamisha kichwa, kisha akarudi nyuma na sinia lake lote, hatua kwa hatua, mpaka akaingia tena jikoni. Mpishi akamfokea. Kijana alisubiri mama apite.

Nyaboke hakupita. Aliliona hili zamani, kwenye kijia cha nyumbani, siku mumewe, marehemu sasa, akiwa na suti na viatu vilivyong'arishwa, alipojitupa ndani ya majani chai yenye umande ili mama yake Nyaboke apite. Kwao mkwe hamshiki mkono mama mkwe, wala hamtazami usoni, na njia ikiwa moja, anayetoka ni mkwe. Rafiki wa kiume tu hafanyi hivyo. Huyo hucheka, hukupa mkono, hukuita auntie. Anayekimbia hivi ameshaoa.

Alirudi mezani, akaketi.

"Lini?"

Kwamboka alitaka kujifanya haelewi, akashindwa. "Oktoba. City Hall. Anaitwa Silvanus, ni wa kwetu, Nyamira. Nilitaka umwone kwanza anavyofanya kazi, vile watu wanampenda, kabla hujaanza maswali. Mhudumu mwenzake, Parveen, ndiye angetuhudumia, lakini ameamka mgonjwa."

"Na mimi nilikuwa wapi Oktoba?"

"Ulikuwepo, Mama. Lakini wa kwanza niliyemleta nyumbani ulimwomba kitambulisho. Wa pili ulimpigia bosi wake simu. Huyu niliogopa kumpoteza. I'm sorry."

Nyaboke alitafuta hasira, na ilikuwepo, lakini chini yake palikuwa na uchungu uliomzidi nguvu. Mtoto wake wa pekee aliolewa, na yeye siku hiyo huenda alikuwa akimfunga kizee fulani vifungo vya sweta. Hakuna aliyemtapeli safari hii. Alijifungia nje mwenyewe.

"Ningekuja," alisema, machozi yakimtoka bila kuyazuia. "Ningemshuku, Kwamboka. Ningemuuliza mpaka jina la ng'ombe wao. Lakini ningekuja."

Kwamboka alilia wazi mbele za watu. Mlangoni mwa jikoni Silvanus alikuwa bado amesimama na sinia, chakula kikipoa, meza nne zikimwita.

Nyaboke alijifuta uso kwa kitambaa cha karatasi. Kisha akainuka, akakigeuza kiti chake, akaupa mlango wa jikoni mgongo, ili mkwe wake apite.