Siku Shifaa Alipoambiwa Ameua Karavani

Shifaa hapendi kuitwa fundi mbele za watu. Mimi nitamwita hivyo, na asiyependa aje huku ughaibuni, hapa Al Warqa, aniambie usoni. Nimeendesha gari la nyumba hii miaka sita. Yeye ana miaka minne akisafisha, akipiga pasi na kulea watoto wawili wa madam Najla, na muda huo wote hakuna aliyemuuliza alikuwa nani kabla hajapanda ndege. Hata mimi sikuuliza. Nilijua tu ni mtu wa Kwale, mpole, anayeongea taratibu mpaka mimi mtoto wa Majengo, Nairobi, namalizia sentensi zake kichwani kabla hajafika.

Januari hii sir, mume wa madam, alinunua karavani, nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari. Ilikuwa imetumika, lakini nyeupe na safi, ina vitanda vinne, jiko, choo, na pampu ndogo ya kusukuma maji kutoka kwenye tangi. Mpango ulikuwa Ijumaa baada ya swala twende nayo Hatta, huko milimani, sir na familia yake pamoja na mama yake mzazi. Mama huyo alikuwa ametoka hospitali mwezi uliopita, na kitu pekee alichoomba ni kulala milimani usiku mmoja. Sir aliitaja safari hiyo kila alipoingia garini.

Jumatano Shifaa aliisafisha ndani yote kwa ndoo na kitambaa. Mimi nilikuwa nje nakagua matairi. Alipotoka na ndoo yake akaniambia, "Kaka Jaafar, hiyo betri ifunge kabla hujaondoka." Nikasema sawa, nikafanya, nikaenda kumchukua madam kazini.

Alhamisi asubuhi sir akampandisha mama yake ndani ili amwonyeshe. Akabonyeza swichi ya taa, kimya. Pampu, kimya. Feni ya chooni, kimya. Nikavuta waya mrefu kutoka kwenye nyumba, nikachomeka. AC ikanguruma na soketi za ukutani zikafanya kazi, lakini taa na pampu zikakataa kabisa. Mama mtu akashuka polepole akishikilia mlango, akasema si neno, watakwenda siku nyingine. Sir alimtazama akiondoka, kisha akampigia simu aliyemuuzia.

Akaja fundi wao, anaitwa Raed, ana miwani ya jua na mkoba wa vifaa ambao hakuufungua. Aliangalia dakika kumi. Akanusa sakafu, akasikia sabuni, akauliza nani ameosha. Kisha akatoa hukumu: maji yameingia kwenye waya wa chini, karavani irudi gereji wiki mbili, sakafu ifumuliwe. Gari la kuivuta lingekuja saa kumi alasiri.

Sir hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimgeukia Shifaa akamwambia kwa sauti ya chini, kwa Kiingereza chake kilichochanganyika na Kiarabu, "Nimekuamini na watoto wangu. Umemwaga maji humu?"

"Hapana, sir. Kitambaa tu."

"Fundi anasema ni maji. Mama yangu amekosa safari yake kwa uzembe. Khalas, imekwisha, nitakukatia tiketi urudi kwenu."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka. Kurudishwa nyumbani si kukosa kazi tu. Ni kushuka Mombasa na jina la mtu aliyeharibu mali ya watu, na ajenti aliyekuleta analiandika, na hakuna nyumba nyingine itakayokuchukua. Shifaa alijua hilo kuliko mimi. Alisimama na mikono yake mbele, halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Sir, naomba niiangalie mimi mpaka hiyo saa kumi. Umeme nimesomea."

Raed akacheka. Kicheko hicho sijakisamehe hadi leo. Sir akainua mabega, akasema yalla, haya, angalia.

Shifaa aliniomba balbu ya indiketa kutoka kwenye kisanduku changu cha spea na nyaya mbili fupi. Akazifunga nyaya kwenye balbu kwa meno na koleo. Ndio vifaa vyote alivyokuwa navyo. Mimi tayari nilikuwa nimeshika bisibisi, nataka kufungua taa za darini moja baada ya moja.

"Acha, kaka," akasema. "Taa haina makosa. Mwalimu wetu alikuwa anatupiga rula kwa hilo. Nenda kwanza pale umeme unapotoka, uufuate mpaka utakapopotea."

Akanieleza, taratibu kama kawaida yake, na safari hii sikummalizia sentensi. Karavani ina umeme wa aina mbili. Ule wa waya mrefu unaendesha AC na soketi. Ule mwingine ni wa betri, na huo ndio wa taa, pampu na feni. AC kunguruma hakukutuambia lolote kuhusu huo wa pili.

Akafungua kisanduku cha fyuzi chini ya kitanda, akazichomoa moja moja na kuziinua kwenye mwanga wa dirisha. Zote nzima. Akamgeukia Raed, akamuuliza kwa Kiingereza.

"Bwana, maji gani hayo yanazima kila kitu na hayajachoma hata fyuzi moja?"

Raed akatoa simu yake, akaanza kusoma kitu cha haraka sana ambacho nadhani hakikuwepo.

Tukatoka nje, mbele ya karavani, kwenye betri. Shifaa akagusisha nyaya zake na balbu ikawaka kali. Betri ilikuwa na nguvu. Akaufuata waya mnene kwa kidole, ukazunguka pembeni, ukaingia nyuma ya kimlango kidogo chenye ufunguo mwekundu wa plastiki, ule wa kukata umeme wa betri. Akapima kabla ya ufunguo, balbu ikawaka. Akapima baada ya ufunguo, giza. Akainama.

"Huu umezimwa. Nani ameuzima, kaka Jaafar?"

Jasho lilinitoka na ni Januari, msimu wa baridi wa huku: ni mimi, jana kwa haraka, nikasahau kabisa.

"Si wewe uliniambia nifunge betri?"

"Nilisema uifunge! Mkanda! Isirukeruke njiani!"

"Sasa dada, kwetu Nairobi kufunga si ndio kuzima? Funga stima, funga redio, funga TV."

"Kwetu kuzima ni kuzima, na kufunga ni kufunga," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliongea haraka. Kisha akaugeuza ufunguo. Ndani taa zote zikawaka kwa pamoja, feni ikazunguka, na pampu ikaanza kukoroma. Shifaa akaweka kiganja kwenye ubavu wa karavani akafumba macho.

Raed hakuelewa Kiswahili chetu hata neno moja. Ningeweza kunyamaza, na Shifaa asingenisema, namjua. Lakini nilimwona amesimama pale na balbu yake mkononi, nikaona haya. Nilikwenda mwenyewe mpaka barazani alikokaa sir.

"Sir, hakuna maji. Ni mimi niliyezima betri jana. Aliniambia neno la kwao, nikalisikia kwa maana ya kwetu."

Sir akasimama. Akatoka, akaona taa, akafungua bomba la jikoni na maji yakatoka. Akamwambia Raed asimamishe gari la kuvuta. Halafu akamwambia Shifaa, mbele yetu sote, "Nimekukosea. Nisamehe. Ulisomea wapi?"

Shifaa akaingia chumbani kwake akarudi na karatasi ndani ya plastiki. Ilikuwa na mikunjo minne ya kukaa chini ya sanduku. Madam Najla aliipokea, akaisoma kwa sauti: cheti cha ufundi umeme, miaka miwili, amefaulu vizuri, Shifaa Omari Mwadzaya. Jina la mwisho lilimkwama, akalirudia mpaka likatoka sawasawa.

"Miaka minne. Kwa nini hukusema?"

"Fomu ya ajenti iliuliza kupika na kufua tu, madam."

Madam akaikunja karatasi taratibu, akamrudishia kwa mikono miwili. Mimi nikashindwa pa kutazama. Huyu ni dada yangu wa kazini, jamani, na nilikuwa nikimwona mzito.

Ijumaa baada ya swala mama yake sir alipanda, akakaa dirishani, akaomba taa iwashwe ingawa ilikuwa mchana kweupe. Ikawaka. Nikawasha gari, na Shifaa akagonga kioo changu.

"Kaka Jaafar, betri bado hujaifunga."

Nikashuka mbele ya watu wote. Nikaupitisha mkanda, nikaukaza kwa mikono miwili, nikasogea pembeni. Fundi akaitikisa betri mara tatu, akatikisa kichwa kukubali, ndipo tukaondoka.