Kilio Kilianzia kwa Jirani

Siku tuliyomzika kaka yangu Wilkin, wa kwanza kulia hatukuwa sisi.

Alianza jirani.

Sisi wenye msiba tulikuwa tumekaa mbele ya TV, macho makavu, tunatazama kiduara kinazunguka.

Nisikilizeni vizuri, maana hata mimi nilichelewa kuelewa.

Wilkin alifia New York. Aliondoka hapa mjini kwetu Baní akiwa kijana, akapata kazi kwenye ghala la matunda, na hakuwahi kurudi kwa sababu makaratasi yake hayakukaa sawa. Mama naye aliomba viza akanyimwa. Msiba ulipotokea akaomba tena, hata jibu halikuja.

Ikabaki njia moja. Ibada ingerushwa moja kwa moja mtandaoni, na jeneza lingeachwa wazi mpaka mwisho. Mama hakutaka kingine duniani. Alitaka kumwona mwanawe uso kabla hawajamfunika.

"Yaniris," aliniambia asubuhi ile, "wewe ndiye unayejua mitambo. Usiniangushe."

Nikamwambia atulie, kazi hiyo ndogo.

Ibada ikaanza. Tukaona maua, tukaona mgongo wa padri. Kisha picha ikaganda na kile kiduara kikaja.

Mwanzo sikuogopa. Nikazima ruta, nikasubiri kidogo, nikawasha. Picha ikarudi, padri akanyanyua mkono, mkono ukabaki hukohuko juu.

Nikaihamisha ruta kutoka juu ya kabati, nikaiweka kwenye kiti katikati ya sebule kama mgeni rasmi. Wapi! Nikachomeka waya moja kwa moja kwenye TV. Bado. Nikazima simu yangu na ya mama, nikashusha ubora wa picha mpaka maua yakawa tope tupu. Mkono wa padri uko palepale.

Na simu kwetu, bila ruta, ni za kupigia tu. Intaneti yake haivuti hata picha moja.

 Mama alikuwa amevaa gauni jeusi na viatu vya kanisani, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hicho ndicho kilichokuwa kinaniua.

Nikawasha simu yangu, nikapigia kampuni ya intaneti. Kaka aliyepokea alikuwa mstaarabu, akaangalia, akaniambia laini inafika kwetu vizuri kabisa. Akauliza tuna vifaa vingapi.

"TV moja tu."

Akahesabu tena.

"Dada, mimi hapa naona zaidi ya thelathini. Na vyote vinavuta video."

Moto ukaniwaka. Yaani watu wanatuibia intaneti siku ya msiba wetu! Nikamwambia awatoe wote, abadilishe paswedi sasa hivi. Akasema hilo ni jambo la kubonyeza tu, nikikubali anabonyeza.

"Unamtoa nani?" mama akauliza.

"Wezi, mama. Wamejaa kwenye laini yetu."

"Si wezi. Niliwapa mimi."

Nikakaa sakafuni na simu sikioni.

Kumbe jana yake jioni, baada ya rozari, mimi nikiwa jikoni nachemsha kahawa, mama aliwatangazia waombolezaji paswedi yetu. Kwetu ukiingia msiba, mlango unaachwa wazi na viti vinatolewa mpaka barabarani. Hakuna anayeambiwa pamejaa. Sasa nyumba yetu ni ndogo, na jua la Baní mnalisikia tu. Mama akaona paswedi ndiyo kiti. Akawaambia kila mtu akae kwake, aingie kwa laini yetu, na aandike jina lake chini ya picha kama anavyojitaja akifika mlangoni.

"Mama, nikiwatoa utamwona Wilkin. Sasa hivi."

"Uliona wapi mtu anamfukuza aliyekuja kuzika?"

"Ni uso wa mwanao, mama."

"Najua ni uso wa nani. Kata simu."

 Nikakata. Nikainuka nikapige hodi nyumba kwa nyumba niwaombe wazime, akanishika mkono akanikalisha. Nikawa nimekaa tu, fundi wa mitambo, sina la kufanya.

Ndipo doña Fefa, bibi jirani wa ukutani, yule aliyemsimamia Wilkin ubatizo, akaangua kilio.

Simu yake ni ndogo, kuukuu, inaridhika na picha mbovu. Kwake ibada ilipita.

Akafuata wa nyumba ya pili. Kisha wa ng'ambo. Kilio kikashuka na mtaa mpaka kule kwa muuza barafu.

Mama akasimama, akafanya ishara ya msalaba.

"Wamemfunika," akasema.

Kwenye TV padri bado alikuwa amenyanyua mkono.

Kesho yake ile video ilikuwepo mtandaoni, na laini ilikuwa tupu, inakimbia kama imetumwa. Nikamwita mama. Akakataa.

"Wilkin nilishamzika. Simziki mara mbili."

Nikaitazama peke yangu. Jamani, viti vilikuwa vitupu. Kanisa zima, wenzake wawili wa ghalani na padri. Kaka yangu miaka yote ile hakuwa na mtu.

Padri akaangalia vile viti. Akachukua simu yake, akasema marehemu amesindikizwa na watu, akaanza kuwasoma majina. Fefa Germosén. Muuza barafu na mkewe. Mapacha wa saluni. Akasoma mtaa wetu mzima, akikosea matamshi, akirudia, sauti ikimkauka. Jina la mama halikuwemo. Kiduara kilitukamata kabla hatujaandika.

Nikamfuata mama uani, nikamweleza.

Akauliza kitu kimoja tu. "Aliwasoma wote?"

"Wote."

"Wilkin alikuwa ananiambia kwenye simu, mama, mimi huku nikifa hakuna wa kukaa kwenye kiti," akasema, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nikamwona analia.

Siku hizi kiduara kikianza kuzunguka, sikimbilii kubadilisha paswedi. Nawe kabla hujamtoa mtu kwenye laini yako, muulize kwanza amekuja kufanya nini.