Nzi Walishiba Mabibo, Somoe Akavuja Damu

Nakumbuka siku moja ya msimu wa korosho kule Makote, mwanangu, na hasira yake haijaniisha. Mimi niliishia darasa la saba, pengine nakosea mahali, lakini macho yangu yaliona.

Somoe, binti wa baba yangu mdogo, alikuwa amelala ukumbini. Fizi zimevimba, zinavuja damu, miguu ina madoa. Alipoanza kuumwa aliwekewa mwiko: uji mtupu na ugali wa muhogo, asiguse ndimu, bibo la mkorosho wala tunda lolote. Ati uchachu unakausha damu! Hali ikazidi, na lawama akatupiwa jirani yetu, Mama Hamisi, kwamba ndiye mchawi. Huko nje tunanyofoa korosho, mabibo tunayatupa chini, mekundu na ya manjano, nzi wanashiba kuliko mtoto.

Ndipo bibi akaingia, katoka Chiungutwa kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, mama," baba mdogo akasema.

"Marahaba ya nini? Nzi wako wananenepa, mwanao anakwisha!"

"Mama, uchachu unakausha damu. Wazee wanasema."

"Wazee gani? Mzee hapa ni mimi! Wewe nilikulea kwa mabibo haya haya, umekauka? Hilo tumbo la nani?"

Tukacheka, akatugeukia. "Na nyie mnacheka! Mama Hamisi ndiye aliyemnyima matunda?"



Akakamua mabibo, akachanganya na maji, akamnywesha taratibu. Kisha akampeleka zahanati. Wakasema mwili umekosa vitamini C, wakampa vidonge. Kwa hiyo sisemi bibo peke yake lilimponya, nitakuwa mwongo. Lakini fizi zilikauka, Somoe akatembea. Baba mdogo naye hakuwa mbaya, alimpenda mwanawe. Ila Mama Hamisi hakuna aliyemwomba radhi, mpaka akahama. Hilo ndilo linanichoma.

Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Mpe mtoto tunda kila siku, bibo, pera, papai, chungwa, lolote la msimu. Mboga usiichemshe mpaka ife, ukamwaga na maji yake. Fizi zikivuja, kimbilia zahanati, na kabla hujamnyooshea jirani kidole, tazama kwanza sahani ya mgonjwa wako.

Mungu akutunzie meno, uzeeni utafune muhogo mbichi, ucheke na jirani zako bila deni la radhi.