Siku Mama Alipomkinga Mwizi

Baba alimvunja mama mkono Jumapili moja asubuhi, na mimi nilikuwepo.

Ilikuwa kijijini kwetu Maguu, miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda milimani na malori yao. Zamani kahawa yote ilikwenda kwenye chama cha ushirika, na kila gunia lilijulikana limetoka kwa nani. Wanunuzi wapya hawakuuliza. Basi wizi ukaingia. Watu waliamka wakakuta vichanja vya kuanikia ni vitupu, jasho la mwaka mzima limebebwa.

Jumapili hiyo mama alikuwa ametangulia kanisani kufagia na kupamba altare. Nyuma ya nyumba baba alimkuta mwanamume amebeba mfuko wa kahawa yetu begani. Alisema ametoka Lipingo, kule ziwani, na watoto wake wana njaa. Baba alimpiga magotini kwa mpini wa jembe, akaanguka. Majirani waliokuwa wakienda misa wakakatisha safari, wakaja wamevaa nguo zao za kanisani. Mmoja alishika mchi. Walimpiga mpaka akaacha kulia, akawa anakoroma tu, damu ikimtoka puani.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Niliokota jiwe nikalirusha, likampata sikioni, nikafurahi. Nilipogeuka kutafuta jingine nikamwona mama anakuja mbio.

Hakupiga kelele. Alipenya katikati ya watu, akapiga magoti, akamfunika yule mtu kwa mwili wake. Baba alikuwa ameshainua mpini. Sijui kama alishindwa kuuzuia au hakutaka. Nilisikia mfupa ukivunjika.

"Ondoka hapo!" baba alisema.

"Siondoki, baba watoto. Mkimuua huyu, mniue na mimi."

"Ni mwizi huyo!"

"Najua."

Mwanamke mmoja wa jumuiya yetu, aliyesali na mama kila wiki, alimtemea mate usoni. Mama hakujifuta. Alinitazama mimi. "Jiwe lako nimeliona," alisema. "Lete maji."

Nilileta. Alimwosha yule mtu kwa mkono mmoja, ule mwingine ukining'inia. Watu wakaanza kuondoka, mmoja mmoja. Mwisho baba na jirani mmoja walimbeba yule mwizi kwa machela mpaka zahanati. Alipona, ila jicho moja halikuona tena, akarudi kwao.

Sisi hatukusamehewa haraka. Wiki ile ile mtu aliingia shambani akaikata mibuni yetu kwa panga, safu nzima, matunda ya mwisho yakiwa bado mabichi. Miezi kadhaa mama alisalimia watu njiani bila kuitikiwa. Hata hivyo, akisikia kuna mgonjwa alikwenda, hata kwa yule aliyemtemea mate. Mkono uliunga ukiwa umepinda. Aliogesha wagonjwa na kuosha maiti kwa mkono huo huo.

Baba alichota maji kisimani mpaka mkono wa mama ulipopona, wanaume wenzake wakimcheka. Hakumwomba radhi mbele yetu.

Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza mama kama alimsamehe baba.

"Siku nyingine nimemsamehe," alisema. "Siku nyingine nikiamka naona sijamsamehe, naanza tena."

Mpaka mwaka aliofariki alimpikia baba uji kila asubuhi. Kuna asubuhi alimkaribisha kwa utani, na kuna asubuhi aliuweka mezani akatoka bila kusema neno.