Karatasi Nyeupe za Mama Kisusio

Jina la Mama Kisusio alilipata machinjioni. Kila Jumamosi asubuhi, Lukresia, mtaalamu wa baiokemia katika maabara moja mjini Moshi, alifika na kidumu chake kuomba damu ya ng'ombe ikiwa bado ya moto. "Dada, kisusio ni cha mbuzi!" wachinjaji walimtania, wakidhani anakwenda kupika ule mchuzi wa damu. "Na huyo unayempikia ana tumbo gani, kidumu kizima kila wiki?" Yeye alicheka tu, akafunga kidumu.

Ndani ya damu ile alitafuta kimeng'enya ambacho sumu ya kunyunyizia kahawa hukiua upesi, akakipaka juu ya vipande vya karatasi. Kipande kikichovywa katika maji salama, kiligeuka bluu. Maji yakiwa na sumu, kilibaki cheupe. Wakati huo biashara ilikuwa imeachwa huria, na dawa za kahawa ziliuzwa magengeni katika chupa za soda, bila jina wala maelezo. Kipimo rahisi kama hicho kingeweza kuokoa watu.

Mwaka 1994, ndama wawili walikufa kijijini kwao Kirua Vunjo baada ya kunywa maji ya mfongo, ule mfereji unaoteremsha maji mashambani. Lukresia akaitwa. Alichovya vipande vitano mbele ya wazee. Vyote vikabaki vyeupe. Macho yakamgeukia Filemon, ambaye shamba lake liko juu, na ambaye juzi yake alionekana akiosha bomba la kunyunyizia. Wazee wakamnyang'anya zamu yake ya maji.

Siku ya tatu, akiwa maabara, Lukresia alichovya vipande vilivyosalia katika maji ya mvua. Navyo vikabaki vyeupe. Umeme wa mgawo ulikuwa umekatika siku nne, jokofu likapata joto, na kimeng'enya kikafa kabla hajapanda mlima. Karatasi zile zisingegeuka bluu hata katika maji ya ubatizo.

Hakusema. Alijiambia kwamba kwanza atengeneze kipimo kisichohitaji jokofu, ili siku ya kukiri awe na kitu mkononi. Mtu akikandamiza punje ya buni katika udongo laini, kisha akaitoa, hubaki shimo linaloitosha punje ya namna ile tu. Ndivyo alivyojaribu kuacha mashimo yenye umbo la sumu ndani ya plastiki, yawe kipokezi cha kuinasa. Katika maji safi kilifanya kazi. Katika maji ya mfongo, yenye tope na majani yaliyooza, mashimo yalizibwa na kila kitu. Alibadili viyeyushi, akabadili joto, akaanza upya mara mia na kumi na mbili. Kila Krismasi alipopanda nyumbani alipita njia ya nyuma, asije akaiona kahawa ya Filemon ikikauka. Mwaka 2003 wafadhili wakafunga mradi, naye hakuwa na kitu cha kujifichia tena.

Januari iliyofuata alichuma isale, jani ambalo Mchagga akiletewa na aliyemkosea hawezi kulikataa, akaenda kwa Filemon.

"Shikamoo, Baba Gladness."

"Marahaba, Mama Kisusio. Leo unapima nini?"

"Sipimi. Zile karatasi zilikuwa zimekufa. Hazikusema lolote juu yako."

"Ulijua lini?"

"Siku ya tatu."

"Ya mwaka gani?"

"Ule ule."

Filemon alilipokea jani. "Ungeleta mbuzi ningekufukuza naye. Isale halikataliwi." Akalichomeka ukutani. "Kesho tutakwenda kwa wazee, useme kama ulivyosema hapa. Ila kahawa nimekwisha kuing'oa. Na Mama Gladness yuko bondeni na ndoo, kama kila siku tangu tunyang'anywe zamu ya maji. Huyo utamwambia mwenyewe, mimi simsemei mtu. Mngoje hapo, umenye zile ndizi."

Lukresia akaketi kwenye kigoda, akachukua kisu. Alimenya moja baada ya nyingine, utomvu ukimnata vidoleni, sikio lake likiwa njiani. Zile za kwanza zilikuwa zimeanza kusawijika alipoitia ya mwisho sufuriani. Ndizi zilikuwa tayari. Maji ya kuzipikia yalikuwa bado yanapanda mlima.